Sina Neno

1

Nilitaka Dakta Anselmi Kitundu afe akiwa kwenye foleni. Sikutaka apigwe risasi wala atiliwe sumu. Nilitaka moyo wake uombe msaada, uambiwe kwa sauti tamu ya kike kwamba ombi lake lina thamani na asubiri kidogo, kisha asubiri mpaka basi. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani anasoma habari za mwanamke mwema.

Silaha yangu ilikuwa neno moja, "mgonjwa", na asubuhi ile nililiandika nikiwa nimekalia kiti cha serikali, ghorofa ya tano, Dodoma, chai ya tangawizi ikipoa pembeni. Cheo changu kilikuwa Mshauri wa Sera katika Kurugenzi ya Mitandao Ijayo. Kabla ya hapo nilifundisha Kiswahili sekondari, Mpwapwa. Watu wa nyumbani walishangaa mwalimu wa ngeli na vitenzi anakwenda kutafuta nini kwenye mambo ya minara. Hawakujua kwamba minara ya siku hizi inasoma.

Zamani kanuni za mawasiliano ziliandikwa na wanasheria, zikafasiriwa na wahandisi, zikapuuzwa na makampuni. Ulipokuja Mtandao wa Saba tukaondokana na safari hiyo ndefu. Ndani yake tuliweka Msomaji, akili inayoichukua kanuni kama ilivyoandikwa kwa Kiswahili na kuitii papo hapo. Ukiandika kwamba gari la zimamoto lipishwe, mawimbi yote ya mtaa yanalipisha. Ukiandika vibaya, anatii vibaya, kwa sababu Msomaji hakisii. Neno ambalo kanuni haikulipa maana analitafuta kwenye rejesta za serikali, na maana atakayoikuta huko ndiyo hiyo hiyo, hata ikiua.

Ndivyo alivyokufa mdogo wangu Wendo. Kanuni ya kwanza ilisema kwamba nyakati za msongamano simu ya dharura ya "mzazi" itangulie zote. Yeyote aliyewahi kupeleka kanga na chupa ya uji kwenye wodi ya wazazi anajua mzazi ni nani: ni mwanamke aliyejifungua, au yule ambaye uchungu umeshamshika. Msomaji hajawahi kupeleka uji popote. Alikwenda kwenye rejesta ya vizazi, akakuta kwamba mzazi ni mtu mwenye mtoto aliyeandikishwa. Wendo alikuwa anajifungua mtoto wa kwanza. Siku hiyo nchi nzima ilikuwa inatazama fainali ya mpira, wachezaji wakionekana wamesimama sebuleni kwa watu kama wageni waliokuja kusalimia, na mtandao ulikuwa umejaa pomoni. Shemeji yangu alipopiga kuomba ndege ndogo ya kuleta damu, mtandao ulimwangalia mke wake, ukaona hana mtoto, ukampanga foleni moja na watu wanaoagiza chipsi.

Damu ilifika. Ilimkuta Wendo na mwanawe wameshafunikwa shuka moja.

Kitundu ndiye aliyekuwa mkuu wa kurugenzi. Yeye kwa mkono wake alikuwa ameifuta ibara ya tafsiri, ile inayosema neno gani lina maana gani, ili kanuni ienee kwenye ukurasa mmoja na waziri aisome bila kuchoka siku ya uzinduzi. Mbele ya tume ya uchunguzi aliapa kwamba hakujua, wala hakuna aliyeweza kujua, kwamba Msomaji angelielewa neno hilo vile. Tume ikamshukuru kwa ushirikiano wake. "Mzazi" akabadilishwa kimyakimya kuwa "mjamzito", na ibara ya tafsiri haikurudi, maana kuirudisha kungekuwa kukiri kwamba kuifuta lilikuwa kosa. Akastaafu kwa ngoma na ngao ya kioo.

Mimi nikaomba kazi pale alipotoka. Nikajifunza Msomaji anavyosoma, usiku na mchana, kama mtu anayejifunza njia za nyumba ya adui yake. Kisha moyo wa Kitundu ukaanza kukosea mapigo, akawekewa kidude kifuani. Vidude hivi havifikiri vyenyewe. Kila mara vinaiuliza akili ya hospitali, kupitia mtandao, vifanye nini sasa, na jibu likichelewa moyo unaachwa uhangaike peke yake. Nilipopata habari hiyo nilisali sala ya shukrani, na sioni haya kusema.

Kanuni iliyokuwapo ilimpa kipaumbele "kila mwenye kifaa cha moyo." Katika rasimu mpya nikaandika "kila mgonjwa wa moyo." Kwa binadamu, hii ya pili ndiyo yenye huruma. Kwa Msomaji, mgonjwa ni yule ambaye rejesta ya hospitali inasema amelazwa. Akiruhusiwa kwenda nyumbani si mgonjwa tena, na moyo wake unasubiri zamu nyuma ya chipsi.

"Mgonjwa wa moyo," Mwasiti alisoma kutoka nyuma ya bega langu, anatafuna karanga. "Afadhali, mwalimu. 'Mwenye kifaa' ilikuwa inanifanya nijione jokofu."

Mwasiti alikuwa mtakwimu wetu, meza yake ikitazamana na yangu. Ni Mrangi wa Kondoa mwenye mdomo usiofunga, na kidude alikuwa nacho tangu akiwa msichana, baada ya homa kumharibia moyo. Nililijua hilo vizuri sana wakati ninaandika. Nilijiambia nitamtafutia kisingizio alazwe siku za msongamano. Nilijiambia wengine kama yeye si wengi, na si kila siku mtandao unajaa, na mioyo mingine huhimili. Mtu anayetaka kisasi hakosi hesabu za kumfariji. Nikamchekea Mwasiti, nikachota karanga kwenye kiganja chake, nikaituma rasimu.

2

Kila rasimu ilipita kwenye Kamati ya Wazee wa Fani, yaani wastaafu wanaoitwa kula korosho za serikali na kutoa busara. Mwenyekiti alikuwa Mama Namsifu Mrutu, jaji mstaafu kutoka Same, mwanamke mwembamba aliyesikiliza huku amefumba macho, na watu wengi walikuwa wameponzeka kwa kudhani amesinzia. Kitundu alikuwa mjumbe.

Alipoingia nilisimama nikamwamkia. Mila haina habari na kisasi. Mkubwa ni mkubwa.

"Marahaba, binti yangu," alinijibu, akaishika mikono yangu kwa yake miwili. Ilikuwa ya moto. Ndani ya kifua kile, nilifikiri, kidude kinauliza na kujibiwa, kinauliza na kujibiwa, na mimi ndiye ninayelishika jibu.

Niliwasomea rasimu ibara kwa ibara. Mzee mmoja alitaka kujua kama mbuzi waliofungwa vifaa vya kuwafuatilia shingoni watahesabiwa watumiaji. Mwingine alisifu lugha, akasema sasa serikali imeanza kuwa na utu, maana mgonjwa ni mtu na kifaa ni chuma. Wakaitikia kwa vichwa. Nilimtazama Kitundu tu. Alikuwa anafuatisha mistari kwa kidole gumba, na kidole kilipofika kwenye "mgonjwa" kikasimama. Kilikaa hapo muda mrefu. Kisha akainua macho, akanitazama.

Akaniuliza kwa upole jina langu la ukoo. Nikamwambia naitwa Nyemo Chilongani.

Jina hilo alikuwa amelisikia kwenye tume, maana jalada la tume lilikuwa na jina la Wendo Chilongani mgongoni. Uso wake haukubadilika sana. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Nilisubiri aseme. Alikuwa na nafasi ya kusema kwamba neno hili lina hatari, lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba anajua Msomaji anavyosoma, naye alikuwa ameapa hajui. Nilikuwa nimemjengea mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango wenyewe unapita katikati ya kiapo chake cha uongo.

Mama Mrutu alifumbua macho. Akauliza kama kuna mjumbe mwenye hoja juu ya ibara hiyo, akaanza kuwataja mmoja mmoja, kama ilivyo desturi yake.

"Dakta Kitundu?"

"Sina neno, Mwenyekiti."

Kwetu asiye na neno ameridhika. Katibu akaandika hivyo kwenye kumbukumbu: Dakta Kitundu, hana neno. Kanuni ikapitishwa kwa jaribio la jiji zima siku ya Jumamosi, siku ya fainali ya kombe, ili tuone inavyohimili msongamano. Wajumbe wangerudi asubuhi ya siku hiyo hiyo kuitia muhuri wa mwisho.

Nilikwenda chooni nikajitazama kwenye kioo. Nilitegemea kuona furaha, na kweli niliiona, imekaa usoni pangu kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote.

3

Ijumaa, Mwasiti alikuwa anaandaa takwimu za jaribio. Kazi yake ilikuwa kumuuliza Msomaji nani atapita kwanza Dodoma chini ya kanuni mpya, na Msomaji humtajia majina bila kinyongo. Aliniita nikaone kichekesho.

Tangu kikao cha kamati, alisema, mtu mmoja tu mwenye kidude ndiye aliyelazwa jijini, katika zahanati binafsi ya rafiki yake. Alikuwa Kitundu. Tena binamu yake Mwasiti amemwona mzee huyo huyo asubuhi hiyo, barabara ya Hombolo, anapakia mbolea kwenye gari.

"Mgonjwa gani anabeba magunia, shoga? Mimi mzima nikipanda ngazi natweta."

Mtego wangu ulikuwa umenasa kila mtu isipokuwa niliyemtegea. Alikuwa ameliona neno, akanyamaza, akajinunulia kitanda cha kwenye rejesta, akarudi shambani kwake.

Mwasiti alikuwa bado anapekua. Kicheko kilimwishia taratibu. "Halafu mimi mwenyewe simo," alisema. "Yule dada wa posta naye simwoni. Mzee Chizuwa hayumo. Mwalimu, hapa pana kitu, au rejesta hazijaunganishwa?"

Nilimwambia nitafuatilia. Aliniamini, akafungua karanga nyingine.

Mchana ule nilimfuata Kitundu shambani kwake, nikamkuta kati ya mistari ya mizabibu, amevaa kofia ya majani, anakata matawi kwa mkasi. Hakushtuka kuniona. Aliniambia karibu, akanichumia kishada cha zabibu nyeusi, nikakipokea kwa sababu nilishindwa kujua nifanye nini na mikono yangu. Tulizungumza kwanza habari za mvua, namna watu wanavyofanya wanapoogopa kufika.

Kisha akasema, "Ulidhani sitaliona?"

"Nilidhani hutaliona, mzee. Uliapa kwamba huwezi."

"Msomaji nimemlea mimi, binti. Najua anavyosoma kama ninavyojua mwanangu anavyokohoa."

"Basi na 'mzazi' uliliona."

Mkasi ulikata tawi moja, ukakata na la pili, ambalo nadhani halikustahili kukatwa. Alisema aliliona. Alisema waziri alitaka ukurasa mmoja, na uzinduzi ulikuwa karibu, na yeye alikusudia kulisahihisha neno likishapita. Kati ya uzinduzi na masahihisho, alikadiria wanawake wa mimba ya kwanza watakaopata dharura saa ya msongamano, akaona si wengi.

Si wengi. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo hayo juu ya Mwasiti na dada wa posta na huyo Mzee Chizuwa nisiyemjua, nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Nilimchukia Kitundu pale shambani kuliko siku zote, kwa sababu nilikuwa nimesikia sauti yangu kinywani mwake.

"Mdogo wako hakustahili," alisema. "Wala sikuombi unisamehe, ningekuwa wewe nisingesamehe. Lakini sikiliza. Neno hili lina jina lako. Ukifungua mdomo tutazama wote wawili. Acha jaribio lipite, halafu tutalisahihisha kimyakimya."

"Na watakaosubiri kesho?"

Alitazama mizabibu yake. Alisema mioyo mingine huhimili.

Nilirudi kwenye gari nikaweka zabibu kwenye kiti cha pembeni. Kulikuwa na jambo ambalo Kitundu hakulijua. Mshauri wa Sera ana mamlaka ya kuagiza uhakiki wa rejesta kabla ya jaribio lolote. Niliiandika amri palepale, mistari miwili: zahanati zote zihakiki vitanda vya wagonjwa wa moyo leo kabla ya jua kuzama, na asiyekutwa kitandani aondolewe. Wangekwenda kitandani kwa Kitundu wakute mto. Kesho, mpira ukianza, kidude chake kingeuliza na kingeambiwa kisubiri. Yeye mwenyewe asingejua mpaka aanze kukosa pumzi kati ya mizabibu. Ilibaki kubonyeza tu.

Nilitaka sana kubonyeza. Sitaki mtu anipambe hapa. Nilimwona Wendo, nilimwona shemeji yangu na simu sikioni akisubiri kwa adabu, maana alikuwa mtu wa adabu na aliambiwa asubiri. Kidole changu kilikuwa juu ya kioo na mate yamenijaa mdomoni.

Simu ikaita. Alikuwa Mwasiti, ananikaribisha kwake kesho kutazama fainali. Alisema atapika pilau, na nisije mikono mitupu kama kawaida yangu, nije na soda. Nyuma yake watoto wa dada yake walikuwa wanagombania kiti. Nilimwambia nitakuja. Nikaifuta amri.

Sikuwa nimesamehe. Nilikuwa nimewaza jambo jingine, na kadiri nilivyoendesha kurudi mjini ndivyo lilivyozidi kunipendeza.

4

Jumamosi asubuhi wajumbe walikaa. Kitundu alikuja, amevaa suti ya kijivu, na mlango wa ukumbi ukaandika mahudhurio yake kama unavyomwandika kila anayeingia. Mama Mrutu aliuliza kama mshauri ana la kusema kabla ya muhuri. Mwasiti alikuwa nyuma yangu na takwimu zake.

Nilisimama. Niliwaambia kwamba neno "mgonjwa" nimeliweka mimi kwa makusudi, nikijua Msomaji atawatoa kwenye kipaumbele wote wenye vidude walioko majumbani, na kwamba nilikusudia kumuua mtu mmoja na nikakubali wengine wafe naye. Nilimtaja mtu huyo. Nilitaja na sababu, jina la Wendo na la mtoto ambaye hakupata jina.

Yule mzee wa mbuzi alishika kifua chake, ingawa hana kidude.

Mama Mrutu alikuwa amefungua macho yote mawili. Aliniuliza kama najua uzito wa ninachosema. Nikamwambia najua, na kwamba nina la pili. Nikamwomba Mwasiti aonyeshe ukutani rejesta ya waliolazwa, na mahudhurio ya ukumbi huu, pamoja.

"Dakta Kitundu," alisema Mama Mrutu baada ya kusoma, "wewe sasa hivi umelazwa?"

Kitundu alisema afya yake si nzuri, Mwenyekiti, na daktari wake alishauri.

"Alishauri siku ile ile uliyoisoma rasimu?"

Alivua miwani, akaanza kuifuta.

"Umekuja hapa kwa machela?"

Nilisema kile nilichokuja kukisema: mtu asiyejua Msomaji anavyosoma asingekimbilia kitanda. Aliiambia tume kwamba hajui. Juzi alijua, kwa haraka ya kutosha kujiokoa mwenyewe kabla ya chakula cha jioni, na alipoulizwa mbele ya kamati hii alisema hana neno. Kumbukumbu zipo. Aliyejua juzi alijua na siku ya Wendo, kwa sababu Msomaji hajabadilika hata herufi.

Mama Mrutu alimtazama muda mrefu, bila hasira, namna majaji wanavyotazama. Kisha akamwambia katibu aandike kwamba kamati inaomba uchunguzi wa kifo cha Wendo Chilongani ufunguliwe upya, hadharani, na Dakta Kitundu aitwe kuwa shahidi wa kwanza chini ya kiapo. Akanigeukia mimi. Aliniambia kazi yangu imekwisha leo, kwamba polisi watanihitaji Jumatatu, na nisisafiri. Nikasema nimeelewa.

"Sasa kaa chini," alisema, "uandike neno linalotakiwa. Mpira hautusubiri."

Niliketi kwenye kiti ambacho hakikuwa changu tena. Kwanza nilirudisha ibara ya tafsiri, na neno la kwanza nililolipa maana lilikuwa mzazi: mwanamke aliyejifungua au aliyeshikwa na uchungu, awe ana mtoto au hana. Kisha nikafika kwenye moyo. Hata wakati ule ningeweza. Neno dogo tu, "asiyestaafu," au nukta mahali pasipo pake, na katika ukumbi ule mtu mmoja pekee angeliona, naye alikuwa amepoteza haki ya kusema. Niliandika: kila mwenye kifaa cha moyo, awe amelazwa au yuko nyumbani, bila kubagua.

Msomaji akasoma. Akataja majina ya watakaotangulia Dodoma jioni hiyo, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Alimtaja Mzee Chizuwa. Alimtaja Mwasiti. Alimtaja Anselmi Kitundu.

Mwasiti hakuwa ameniangalia tangu niliposimama. Alikusanya vitu vyake polepole, akakunja mfuko wa karanga, akauweka kwenye mkoba.

"Na mimi je, mwalimu?" alisema. "Ulipochota karanga mkononi mwangu, ulikuwa umeshaniandika?"

Nikamwambia ndiyo. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei, akatoka. Sikumfuata. Kuna mambo ambayo mtu hana haki ya kuyaombea radhi siku ile ile.

Nje upepo wa Dodoma ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu uwanjani, na mitaani watu wameshaanza kuvaa jezi. Kitundu alikuwa ameketi ndani ya gari lake, mlango wazi, mguu mmoja nje. Alionekana amezeeka ghafla. Waandishi wa habari walikuwa wameshajazana getini, maana hakuna kikao cha siri kwenye jengo lenye mtandao kama wetu. Nilimpita, akaniita.

"Ungeweza kunitoa," alisema. "Neno moja tu, nami nisingethubutu kupinga. Kwa nini umeniacha ndani?"

Nilifikiri juu ya miezi iliyo mbele yake: kiapo, maswali, picha ya Wendo ukutani, shemeji yangu ameketi safu ya mbele na adabu zake, na kidude kinachouliza kila mara na kujibiwa kila mara, upesi, kabla ya watu wote.

"Kwa sababu maiti haihojiwi, mzee," nilimwambia.

Nikauingiza mguu wake ndani, nikaufunga mlango polepole, moyo wake usije ukashtuka.